Msimu Niliojinyima Buri

Jumamosi, 11 Novemba

Pazia la mlangoni kwa Fundi Eikichi halijatundikwa, yaani duka bado limefungwa. Leo ni wiki ya tano. Nimepita pale saa sita mchana, saa ambayo kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiinama chini ya pazia lile la buluu na kuingia kula sushi. Nimekuta fimbo tupu, na matone ya mvua yamejipanga juu yake.

Naandika kwa sababu nina jambo siwezi kumwambia mtu, na jambo lisilosemwa huchacha tumboni. Daftari si mtu.

Fundi alianguka mwanzoni mwa Oktoba akiosha mchele. Kiharusi. Madaktari wamesema ni kidogo, ila kimemshika mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio uliompa jina. Siku ya tatu nilipanda kilima hadi kwenye sanamu ya jiwe ya Kannon, mwenye huruma, nikaweka nadhiri: sitaonja buri msimu huu wote, hadi siku za kuzuru makaburi mwezi wa Machi, ili mkono wake urudi. Wengine hujinyima chai, wengine pombe ya sake. Mimi nimetoa buri wa baridi, samaki ninayemngoja mwaka mzima kama mtoto anavyongoja sikukuu.

Sisi Wabudha wa Amida hatufanyi hivi. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba rehema hainunuliwi, tunalitaja Jina lake, Namu Amida Butsu, kwa kushukuru, basi. Marehemu bibi yangu angenichapa na tasbihi yake. Lakini nilipanda, na goti langu bovu, nikaweka. Na nadhiri ya namna hii ukiitaja kwa mtu imekufa. Kwa hiyo kimya.

Jumatano, 15 Novemba

Nimemkuta dada Sumie, mke wa Fundi, akinunua figili. "Anahamisha maharage kwa vijiti," akaniambia, "punje moja moja, bakuli hadi bakuli. Juzi akayarusha yote ukutani."

"Ikawaje?"

"Akapiga magoti akayaokota. Kwa vijiti."

Tulicheka mpaka muuza figili akageuka. Halafu tukafuta macho, kila mtu upande wake.

Jumamosi, 25 Novemba

Pazia limetundikwa!

Niliingia nikaona viti vinane vile vile, mbao ile ile ya kaunta iliyosuguliwa mpaka imekuwa laini kama shavu, na Fundi amesimama nyuma yake na kitambaa kichwani. Amekonda. Chizuru, binti yake, yuko kushoto kwake akiparua magamba, Sumie kwenye chai. Hakuna aliyesema kitu kikubwa. Mimi nilisema, "Kumekuwa na baridi." Fundi akasema, "Kweli, baridi." Wenye maneno yao waseme, sisi huku ndivyo tunavyolia.

Akaanza na samaki mwepesi, kama kawaida yake, kisha ngisi, kisha kamba weupe wadogo wa ghuba yetu, waliokusanywa kiganjani kama mchele mwingine. Nilimtazama mkono. Zamani alikuwa akibonyeza wali mara tatu, basi. Leo mara tano, na ya tano polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Lakini kipande kilishikana hadi kinywani, na kinywani kikaachia, punje moja moja. Nilitamani kusimama.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila kipande anakilaza kimeelekea kushoto. Hajawahi kuniuliza. Siku yangu ya kwanza pale, nikiwa na mume wangu, niliponyoosha mkono ule kuchukua kipande cha kwanza, cha pili tayari kilikuwa kimegeuzwa. Na mwaka jana nilipong'olewa jino sikumwambia mtu, ila Jumamosi ile wali wangu ulikuwa mdogo kuliko wa wengine. Nina binti mmoja, yuko Nagoya, ananipenda. Hajui ni jino lipi.

"Buri bado mwembamba," Fundi akasema nilipomaliza. "Radi haijapiga ya kutosha."

Nikashukuru. Sikutaka kuanza kusema uongo siku ile.

Mkono umerudi. Nadhiri inafanya kazi. Namu Amida Butsu, na unisamehe kwa kumtumia Kannon.

Jumamosi, 2 Desemba

Mvua. Ngisi mtamu kupita kawaida.

Jumamosi, 9 Desemba

Radi imepiga tangu alfajiri, ile kavu ya Desemba inayomwamsha buri na kumsukuma ghubani. Sokoni wametangaza msimu. Kwa Fundi, kila aliyeingia alikuwa na uso wa harusi.

Fundi alimkata buri. Akalaza kipande mbele yangu kabla ya mtu mwingine yeyote, kimeelekea kushoto. "Huyu wa kwanza ni wako, Bi Nobue."

Nyama ile ilikuwa na rangi ya waridi pembeni na weupe wa mafuta katikati, na mafuta yalishaanza kung'aa kwa joto la wali. Nikameza mate.

"Fundi, nisamehe. Leo tumbo linanisumbua."

"Tumbo?" Sumie akadakia. "Dakika hii umekula pweza vipande viwili!"

"Ndiye aliyelisumbua."

"Langu mimi halina neno," akasema Gonda kinyozi, anayekaa kiti cha pili, na mkono wake ulishafika. Akakila, akafumba macho, akapiga kaunta. "Fundi, nife leo!"

Fundi aliufuta upanga wake, yaani kile kisu chake kirefu, akaendelea. Uso haukubadilika. Mimi nikala tangawizi.

Jumamosi, 16 Desemba

"Tumbo bado?" "Bado, Fundi." Nikaagiza mayai ya kukunja. Aliyakata kwa uangalifu mkubwa.

Jumamosi, 23 Desemba

Leo nimesema nina mafua na sisikii ladha, kwa hiyo itakuwa kumharibu samaki bure. Nilipokwisha kusema nikamsifu kamba kwa ladha yake. Gonda akanitazama kama anayemtazama mtu aliyevaa viatu kinyume.

Jumamosi, 30 Desemba

Fundi amefunga kwa mwaka mpya. Mwenzangu wa kazini ameoza binti mwaka huu, akapeleka buri mzima kwa wakwe kama ilivyo ada, nao wakarudisha nusu. Akaniletea pande moja kubwa. Nimelipitisha uani hadi mtaa wa nyuma, nikampa bibi mmoja, nikamwambia limetoka kwangu. Sasa nina watu wawili wa kuwakwepa.

Jumamosi, 6 Januari

Fundi hakunipa buri leo, wala hakuniuliza. Wote walipewa, akaniruka taratibu, akanipa samaki mweupe. Nilishusha pumzi. Ameelewa kwamba sitaki, nikafikiri, mambo yamekuwa mepesi.

Jumamosi, 13 Januari

Theluji hadi kifundo. Fundi hakuzungumza. Nadhani ni baridi kwenye mkono.

Jumamosi, 20 Januari

Gonda leo alikuwa na ulimi. "Fundi, kila kitu chako ni dhahabu! Hata huu wali mtupu ni dhahabu!" Halafu akanigeukia. "Wewe Nobue mbona unakula kama mkaguzi wa afya? Marehemu mumeo Kiyoharu alikuwa akijisifu, mke wangu ana ulimi wa dalali wa samaki. Huo ulimi umeuweka rehani?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alinitazama mara moja, haraka, kama mtu anayetazama barua ambayo anajua kilichomo ndani.

Jumanne, 23 Januari

Leo nitaandika yote hata mkono ukiuma.

Nilikuwa kibandani kazini, napanga dagaa kwenye nyavu za kukaushia, Chizuru akaja na mabuti yake ya mpira. Hajawahi kuja pale.

"Shangazi, una dakika?"

"Nina mikono yenye dagaa. Sema, mwanangu."

"Niambie ukweli. Buri wa baba ana kasoro gani?"

Nilidhani sikusikia.

"Kasoro? Hana!"

"Utajuaje, Shangazi? Hujamgusa." Hakusema kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Buri ana mafuta. Kisu kinatakiwa kivutwe mara moja tu, kuanzia kwenye mpini hadi ncha. Mkono ukisita katikati, nyama inabaki na alama, kama kingazi kidogo. Wateja hawaoni. Baba anasema wewe unaiona. Anasema siku ile ya kwanza ulikiangalia kipande, ukakiona kingazi, ukasema tumbo."

"Chizuru!"

"Sisi tunamwambia mkono umepona. Hasikii. Anasema Gonda angesifu hata soli ya kiatu, na mimi na mama ni watu wa nyumbani. 'Mkweli ni Nobue,' anasema. 'Ana huruma, hataki kunivunja moyo, lakini ulimi wake umekataa.' Alijiwekea siku tangu aliporudi kazini: tarehe tatu Februari, siku ya kurusha maharage kufukuza mikosi, ataamua. Ameshaamua. Pazia linashuka moja kwa moja. Kuna mtu wa Kanazawa anataka pale pawe duka la kahawa."

"Na wewe? Si una miaka kumi na miwili pembeni yake?"

"Mimi bado miaka mitano. Ndivyo asemavyo." Akatabasamu kidogo. "Alisema hivyo hivyo miaka mitano iliyopita."

Nilisimama pale na dagaa wakinidondoka. Nikisema, nadhiri imekufa, na nikiangusha nadhiri, mkono si utaanguka nao? Nisiposema, duka limekufa.

"Shangazi, sema kitu. Hata kama ni kibaya."

Nikasema, "Mwambie ngisi wake ni mzuri mno."

Ndicho nilichosema. Nakiandika hapa nikione. Chizuru akainama kwa adabu, akaondoka, na ule mgongo wake unaoenda bado nauona hadi sasa.

Alhamisi, 25 Januari

Bwana Ryoen, mkuu wa hekalu letu, amekuja kusoma sala mbele ya madhabahu ya nyumbani, ni siku ya kila mwezi ya kumkumbuka marehemu mume wangu. Ni kijana kwangu, ana miaka arobaini na moja, lakini sauti yake inafika mpaka stoo. Baada ya sala nikampa chai. Nikaanza: kuna mtu mmoja amejinyima chakula kwa ajili ya mgonjwa, sasa mgonjwa anaumia kwa kule kujinyima, na huyo mtu hawezi kusema...

"Huyo mtu anaishi hapa?"

"Jirani."

"Jirani yako upande huu ni bahari, Bi Nobue, na upande ule ni stoo ya nyavu."

Nikamwambia yote. Nilitegemea anikemee kwa kupanda kwa Kannon. Akacheka kwanza. "Kwa hiyo mbinguni kuna mizani, anapimwa buri, unatoka mkono." Kisha akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. "Kumpenda mtu hadi ukajinyima, hilo sikuchekei. Ila nikuulize. Umenyamaza kwa sababu ya nadhiri, au kwa aibu?"

Nilimkasirikia mpaka nilipomaliza kuosha vikombe. Nikamkasirikia tena nikivikausha.

Ni aibu. Mjane wa miaka hamsini na saba anapanda kilima kwa ajili ya mume wa mtu. Mji huu mdogo ungesemaje? Sumie angesemaje? Wala hakuna kitu cha namna hiyo, Amida ni shahidi. Kuna kwamba wiki ile Kiyoharu alipofariki, nilikwenda kuketi pale bila kujua miguu imenifikishaje, na Fundi hakunipa pole. Alinipa vipande saba, kimoja kimoja, akingoja kila mara nimalize kutafuna. Nilikuwa sijala siku nne. Mtu aliyekulisha hivyo unamwekea nadhiri, hata kwa jiwe.

Jumamosi, 27 Januari

Theluji imefika gotini. Tulikuwa wateja wanne. Chai haijanifikia nikasema kwa sauti, maana niliogopa nikichelewa nitaagiza ngisi:

"Fundi, naomba buri."

Gonda akateremsha kikombe.

"Hakuna buri leo," Fundi akasema. "Vyombo havijatoka tangu Jumatano kwa mawimbi. Mji mzima unajua." Akachukua kitambaa, akafuta mahali palipokuwa safi. "Asante, Bi Nobue. Umechagua siku nzuri ya kuniomba."

Ole wangu! Nimejifungia nyumbani siku mbili nikijipa ujasiri, sikutazama hata bahari iliyo dirishani. Nikaona alivyoona yeye: mtu anayeomba anachojua hakipo, kwa huruma.

Basi nikasema. Mbele ya wote, pua inatiririka, sikumaliza sentensi hata moja vizuri. Kannon, goti, Machi, tumbo la uongo, mafua ya uongo.

Sumie alikuwa amesimama na sinia. "Kwa ajili ya mume wangu?"

"Kwa mume wako, dada."

"Ulipanda ngazi zile zote na goti lile?"

"Nilipanda."

Akaweka sinia chini. "Na mimi mkewe sikujinyima hata peremende!" Akaanza kucheka, akanishika bega, akawa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi naye.

"Siku mimi nikipata kiharusi," Gonda akauliza, "mtajinyima nini?"

"Kelele zako," akasema Sumie.

Fundi hakucheka. Alitugeuzia mgongo, akaosha ubao wa kukatia kwa muda mrefu, na maji yalikuwa ya baridi.

"Miezi miwili," akasema bila kugeuka. "Miezi miwili nakagua mkono huu natafuta ulichokiona. Kumbe haukuwa na kosa?"

Ningeweza kusema hapana, haukuwa. Chizuru alikuwa ananitazama.

"Sijui, Fundi. Sijaonja."

Akafunga bomba. Akageuka.

"Hilo ndilo neno la kwanza la kweli uliloniambia tangu Desemba."

"Na nikila, mkono ukaanguka tena?"

"Ukianguka utakuwa umeanguka wenyewe. Ni mkono wangu. Usinibebee." Halafu akanilazia samaki mweupe, kwa kushoto. "Tarehe tatu iko pale pale. Bahari ikitulia, njoo."

Jumatatu, 29 Januari

Bahari haijatulia.

Jumatano, 31 Januari

Wala leo. Nilipotoa wali madhabahuni asubuhi nilitaka kuomba mawimbi yapungue. Nikajizuia. Nikalitaja Jina, nikashukuru kwa wali.

Ijumaa, 2 Februari

Saa nane mchana upepo umekatika ghafla. Bandarini wanasema kesho alfajiri nyavu zitavutwa.

Jumamosi, 3 Februari

Gonda ameuambia mji mzima. Viti saba vimejaa, na wengine wawili wamesimama ukutani na makoti yao, eti wanapata joto. Chizuru alikuwa amemwandaa buri mmoja wa kilo kumi na mbili. Kiti changu cha kona kilikuwa kitupu, kinaningoja.

Fundi alichukua kisu. Akavuta. Akabonyeza mara tano. Akalaza mbele yangu.

Nilikichukua kwa vidole. Tangu Februari iliyopita sijamwonja. Ule utamu unakuja kwanza kama maji, baadaye mafuta yanafunguka polepole chini ya ulimi, na siki ya wali inayakata kabla hayajakuchosha. Nilitaka kufumba macho nimsifu, kila mtu aende kurusha maharage nyumbani kwake kwa amani. Nilikuwa nimejiandalia hata maneno ya kumsifu.

Lakini ulimi ulisikia, pale katikati.

"Haya?" akasema Fundi.

Nikavuta pumzi. "Kina kingazi. Kidogo."

Sumie akafumba macho. "We mwanamke!" akanong'ona Gonda. Mmoja wa wale wa ukutani akaanza kufunga vifungo vya koti.

Fundi aliegemea juu ya samaki, akavuta kisu tena, na safari hii niliona kilivyopita, bila kusita, kama uzi unaochomolewa kwenye hariri. Nikala. Nikatafuna hadi mwisho, sikutaka kuharakisha.

"Hiki hakina," nikasema. "Hiki ni kile cha miaka yote."

"Cha kwanza nilikiona kabla sijakilaza," akasema Fundi. "Mkono ulisita. Unasita mara moja kwa kila kumi, labda. Ningekitupa. Nikasema hapana, nimpe, nione kama atasema." Macho yake yalikuwa yamelowa, naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na samaki. "Gonda, huyu ndiye mteja. Jifunze."

"Mimi nimekuja kula, sikuja shule," akasema Gonda, na duka zima likacheka, na yule wa koti akafungua vifungo.

"Chizuru," akaita Fundi.

"Naam, Baba."

"Mkatie wewe cha tatu."

Nilidhani Chizuru hakusikia. Alinawa mikono mara mbili. Akaja katikati ya kaunta, mahali ambapo sijawahi kumwona akisimama, akachukua kisu cha baba yake. Akakata. Akabonyeza mara tatu. Akalaza, kimeelekea kushoto. Nikala.

"Haya, Shangazi?"

"Viwili," nikasema. "Vingazi viwili. Na wali ni mzito. Lakini mkono wako ni wa baridi, mafuta hayakuyeyuka mapema."

Chizuru aliinama hadi paji la uso likakaribia mbao. Alipoinuka alikuwa anacheka, na alishashika kisu tena.

Fundi akafungua kitambaa cha kichwani. Akazunguka kaunta, akatokea upande wetu, akamgusa Gonda begani.

"Inuka."

"Mimi? Nimelipia!"

"Hujalipia. Inuka."

Gonda akainuka, akajiunga na wale wa ukutani. Fundi Eikichi akaketi kando yangu, akavuta kiti mbele, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta.

"Na mimi nikatie," akamwambia binti yake.